Kosa la Kiwandani Lina Zamu Yake

Msomaji anayefanya kazi kwenye maghala ya Jebel Ali, Dubai, ameuliza swali fupi: noti yake ya dirhamu 50 ya plastiki imekosa sehemu ya picha upande mmoja, je, ni kosa la kiwandani ambalo wakusanyaji hulilipia bei kubwa, au ni noti iliyochakaa tu? Swali limekuja wakati wake. Tangu Desemba 2021 Benki Kuu ya Umoja wa Falme za Kiarabu imekuwa ikitoa noti za polima hatua kwa hatua: ilianza na 50, mwaka 2022 zikaja 5 na 10, mwaka 2023 zikafuata 1000 na 500, na mwaka 2025 ikatoka 100. Historia ya dirhamu tangu 1973 naiacha, kwa sababu haimsaidii aliyeshika noti mkononi. Kinachomsaidia ni kubadilisha swali. Wengi huuliza ni nini kimekosekana. Mimi nashikilia kwamba la kuuliza kwanza ni kilikosekana lini.

Noti haipigwi chapa kwa mkupuo mmoja. Karatasi kubwa yenye noti nyingi hupita mashine moja baada ya nyingine, kila moja kwa zamu yake: kwanza rangi nyepesi za mandhari, mara nyingi pande zote mbili kwa pamoja, kisha chapa nzito ya picha kuu na maandishi, kisha namba, mwisho hukatwa. Kosa la kweli huzaliwa katika zamu moja kati ya hizo. Zamu zilizotangulia zimebaki salama chini yake, na zilizofuata zimepita juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Uharibifu huja noti ikiwa imekwisha, kwa hiyo huanza juu na kushuka. Ushahidi mzuri kuliko yote niujuao ni noti ya Marekani ya dola 20 ya toleo la 1996, iliyopigwa chapa Fort Worth, Texas, ikiwa na kibandiko cha ndizi za Del Monte usoni. Kubandika karatasi kwenye noti ni kazi ya mtoto. Lakini muhuri wa Hazina na namba ya noti hiyo vimepigwa juu ya kibandiko, maana yake kibandiko kilikuwapo tayari kabla ya zamu ya mwisho. Hakuna mtu wa nje anayeweza kukipenyeza chini ya wino wa namba. Mwaka 2021 noti hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 396,000.

Zamu inayostahili kuangaliwa zaidi ni ile ya picha kuu. Naiita chapa ya mfuo. Wanaoiita chapa ya kuchonga humfanya msomaji adhani karatasi ndiyo inayochongwa, ilhali kinachochongwa ni bamba la chuma. Bamba hilo limejaa mifuo myembamba kuliko unywele. Hupakwa wino mzito, kisha rola hulifuta juu hadi uso wake ubaki safi na wino usalie ndani ya mifuo peke yake. Hapo karatasi hugandamizwa kwa nguvu kubwa mno, kiasi kwamba nyuzi zake huingia ndani ya mifuo, hukutana na wino humo na kutoka nao. Ndiyo maana mstari wa noti mpya una kimo. Kidole hukisikia, na chini ya lenzi unaona tuta la wino lenye mabega yake, huku upande wa pili karatasi ikiwa imebonyea mahali pale pale. Yaani kila mstari umeandikwa mara mbili: mara moja kwa wino, na mara ya pili kwa umbo la karatasi. Wino ukikosekana kwenye bamba, mgandamizo haukosekani. Karatasi huingia kwenye mifuo mikavu na kutoka na picha isiyo na rangi, ambayo huonekana ukiiinamisha noti kwenye mwanga wa pembeni. Nayaona haya kuwa miongoni mwa mambo mazuri sana katika ufundi wote wa uchapaji.

Makosa ya mikunjo nayo yana mantiki yake, na anayeijua kanga anaielewa tayari. Kitambaa kikiingia mashineni kikiwa na kunyanzi, rangi hupita juu ya kunyanzi. Ukikinyoosha baadaye unakuta ufito mweupe ulionyooka, na ua lililokuwa moja limegawanyika vipande viwili ambavyo, ukikunja tena palepale, vinakutana bila kupungua hata jani. Pindo linakatika kwa namna hiyo hiyo, mji unakatika, na herufi za jina zinaachana kwa upana ule ule. Kona ikiwa imejikunja kabisa, kipande cha pindo kinachokosekana mbele utakikuta nyuma, kimegeuka. Hakuna kilichopotea, kimehama tu. Sasa chukua kanga nzuri uidondoshee jiki. Doa halijui mji ulipoishia wala pindo lilipoanzia. Linasambaa kwa kufuata unyevu, kingo zake zinafifia polepole, na ukikunja kitambaa upendavyo ua halirudi. Noti iko hivyo hivyo. Sehemu iliyokosa chapa kwa sababu ya mkunjo ina ukingo mkali na ulionyooka, na wino wake uko mahali fulani: upande wa pili au kwenye kona iliyozidi. Palipo na kufifia kidogo kidogo na wino usiojulikana ulikokwenda, pana sabuni, jua au dawa. Hata ukataji una hesabu hii. Noti yenye kipimo sahihi lakini picha yake imesogea, huku kipande cha noti jirani kikionekana ukingoni, ilikatwa vibaya kiwandani. Iliyo fupi kuliko wenzake imepitiwa na mkasi wa mtu.

Hoja ya kunipinga ninayoiheshimu ni hii: mjanja akiondoa wino kwa dawa, mbonyeo wa karatasi hubaki, na noti yake itafanana na iliyopita kwenye bamba kavu. Ni kweli, na ndiyo maana mbonyeo peke yake hautoshi. Wino wa mfuo hutoka kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Tanzania ilipotoa noti mpya mwanzoni mwa 2011, wananchi walilalamika kwamba zikisuguliwa kwenye karatasi nyeupe huacha rangi, na Benki Kuu ikaeleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya chapa ya aina hii. Lakini dawa haichagui. Ikila wino wa mfuo, kwa kawaida hugusa na mandhari yaliyo chini na namba iliyo jirani, ikayapausha. Kwa noti za karatasi ya pamba kuna shahidi mwingine, ile taa ya zambarau ya kukagulia fedha dukani. Karatasi ya noti haina viangazio, yaani kemikali za kung'arisha weupe, kwa hiyo chini ya taa hiyo hubaki imefifia. Sabuni ya kufulia inavyo, na noti iliyofuliwa hung'aa yote kwa weupe wa kibluu.

Kwenye plastiki shahidi huyo hana mengi ya kusema, na hapa ndipo noti ya Jebel Ali inapotaka umakini. Polima ni utando mwangavu uliopakwa rangi nyeupe, ukaachwa wazi penye dirisha. Wino hauzami ndani yake, unakaa juu, na vanishi mara nyingi hufunika vyote. Msuguano na vimiminika vya kusafishia hubandua kwa mpangilio: vanishi kwanza, kisha wino wa juu, halafu mandhari, mwisho ule weupe. Kutokana na mpangilio huo napata kanuni ninayoiamini. Tabaka la chini likikosekana huku la juu lipo zima, hilo ni kosa la kiwandani, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuondoa cha chini akaacha cha juu. Tabaka la juu likikosekana huku la chini lipo, yote mawili yanawezekana, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye noti. Joto nalo lina alama yake: pasi huifanya plastiki isinyae, na picha husinyaa pamoja nayo, jambo ambalo rula hulifichua mara moja.

Basi msomaji wetu aiweke noti yake karibu na nyingine ya 50 iliyo nzima, aiinamishe chini ya taa. Kama mng'ao wa vanishi unakatika pale pale picha inapokatika, na ukingo umechakaa, ana dirhamu 50 na aitumie dukani. Kama vanishi imepita laini juu ya pengo, ukingo ni mkali, na namba imepigwa vizuri, asiisafishe wala kuinyoosha kwa pasi. Aitie kwenye mfuko wa plastiki usio na gundi na aitafutie mkaguzi wa noti za wakusanyaji, kama PMG ya Marekani, ambayo huandika aina ya kosa kwenye lebo ya kasha lake.