Daraja la Gazi: Wanafunzi Wajifunza Thamani ya Mti Uliosimama

Mti wa mkoko ukikatwa asubuhi, thamani yake hujulikana kabla ya jua kuchwa: ni boriti ya nyumba au ni mzigo wa kuni. Lakini ukiachwa umesimama, thamani yake ni kiasi gani, na ni nani atakayeilipa? Swali hilo ndilo lililowapeleka wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya Pwani mpaka Gazi, kijiji cha wavuvi kilichoko katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa.

Gazi si kijiji kigeni katika historia. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Kimazrui aliyepigana na Waingereza katika miaka ya 1895 na 1896. Siku hizi, hata hivyo, wageni wengi hawaendi huko kwa ajili ya vita vya kale. Wanakwenda kuuona msitu wa mikoko unaoizunguka ghuba, wenye eneo la zaidi ya hekta 600, ambao wanakijiji wenyewe wanashiriki katika kuutunza.

Safari inayopangwa na mwezi

Mwalimu wa baiolojia hakuichagua tarehe ya safari kwa kubahatisha. Aliwataka wanafunzi wake waitafute wenyewe katika jedwali la maji kujaa na kupwa. Mwezi uandamapo, na tena unapokuwa mpevu, huwa ni wakati wa bamvua: jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo huwa ni maji mafu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupungua. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Kwa hiyo wanafunzi walifika Gazi saa tatu na nusu, siku mbili baada ya mwezi kuandama, wakiwa na daftari, kamba za kupimia na viatu vya mpira.

Walipokewa na mama mmoja wa kikundi cha akina mama wanaoliendesha daraja la mbao lipitalo ndani ya msitu. Baada ya wanafunzi kumwamkia na kuitikiwa marahaba, aliwapa sharti moja tu: mtu asishuke darajani mpaka aruhusiwe.

Mizizi inayopumua

Haikuchukua muda sharti hilo likavunjwa. Mvulana mmoja aliona kaa mdogo mwenye gando moja kubwa kuliko mwenziwe, akaruka matopeni ili amtazame kwa karibu. Vijiti kadhaa vilivyosimama kama penseli vilivunjika chini ya mguu wake. Yule mama hakumkaripia. Alimwambia, "Mwanangu, hivyo ulivyovikanyaga si vijiti. Hizo ni pua za mti."

Hapo somo likaanza. Matope ya mikokoni hujaa maji muda mwingi, na hewa ya oksijeni haipenyi ila kidogo sana. Bakteria waishio humo huutumia msombo wa salfa badala ya oksijeni, na ndiyo maana matope yakivurugwa hutoa harufu kama ya yai viza. Mizizi ya mti wa kawaida ingekufa katika hali hiyo. Mchu, kwa hiyo, huipandisha mizizi yake myembamba juu ya matope ili ivute hewa maji yanapokupwa. Mlilana hufanya vivyo hivyo kwa mizizi minene yenye umbo la pia, ilhali mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama magongo, yenye vitundu vidogo vya kupitisha hewa.

Ndipo wanafunzi wakaelewa kwamba daraja halikujengwa ili wageni wasichafue viatu tu. Wageni 100 wakipita matopeni njia moja kila juma, mizizi ya kupumulia itavunjika, matope yatashindiliwa, na miche itakanyagwa. Utalii wa namna hiyo ungeula mtaji wake wenyewe.

Pwani ya Kenya ina aina zipatazo 9 za miti ya mikokoni, na kila aina ina mahali pake. Aghalabu mlilana hutangulia baharini, ukifuatwa na mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana sana upande wa nchi kavu, ingawa huweza pia kuota karibu na bahari. Mpango huo hutokana na muda ambao maji hukaa, chumvi iliyomo katika udongo, na uwezo wa kila mti wa kuistahimili. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isiingie ndani, na mchu huitoa kupitia majani yake. Msichana mmoja aliulamba upande wa chini wa jani la mchu, akakunja uso, akaandika katika daftari lake: "Imethibitishwa."

Kupima bila kukata

Maji yalipokuwa yamekupwa kabisa, wanafunzi waliruhusiwa kushuka mahali palipotengwa kwa mafunzo. Kazi yao ilikuwa kujua mti una kaboni kiasi gani bila ya kuutia shoka.

Kwa kawaida mti hupimwa mzingo wake katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenye magongo marefu hupimwa sentimita 30 juu ya gongo la juu kabisa, kwa kuwa shina halisi huanzia hapo. Kundi la kwanza lilipata mzingo wa sentimita 33. Wakagawanya kwa 3.14, wakapata kipenyo cha sentimita 10.5. Wataalamu wana kanuni za kuubadilisha upana huo kuwa uzito wa mti mkavu, zilizotokana na miti michache iliyokatwa na kupimwa zamani ili mingine isikatwe tena.

Mwalimu akawapa mfano. Tuseme mti mkavu una uzito wa kilo 60. Karibu nusu yake, yaani kilo 30, ni kaboni. Kila gramu 12 za kaboni zilitoka katika gramu 44 za hewa ukaa. Basi 30 ukizidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12, utapata 110. Mti huo mwembamba umekwisha kuondoa angani kilo 110 za hewa ukaa. Na hiyo si hesabu yote, kwani sehemu kubwa ya kaboni ya mikokoni haimo katika shina bali imo katika matope, ambamo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole mno kwa kukosa oksijeni, na huweza kukaa karne nyingi isipochimbuliwa.

Msitu uliowahi kukatwa

Chini ya mkungu, kabla ya chakula, wanafunzi walizungumza na mzee mmoja wa kijiji. Katika miaka ya 1970 sehemu za msitu wa Gazi zilikatwa ovyo ili kupata kuni za viwanda, na mzee huyo alikuwa miongoni mwa vijana walioshika mashoka.

"Wajukuu wangu," alisema, "tulikata kwa kuwa tulilipwa. Tulidhani msitu utarudi wenyewe, kama nywele. Pengine ulirudi, pengine haukurudi. Palipobaki peupe, bahari iliingia na mchanga ukahama."

Mwaka 1991 upandaji wa majaribio ulianzishwa hapo, kazi ambayo kwa miaka mingi imeongozwa na Dakta James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti wa mama yake, ikawa ndefu kama mkono, kisha huanguka. Kwa hiyo kuipanda ni rahisi. Kujua mahali pa kuipanda ndiko kugumu. Mche uliotiwa mahali pasipo pa aina yake hufa, hata ukipandwa kwa nia njema na mbele ya kamera nyingi.

Mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaohusisha vijiji vya Gazi na Makongeni. Mradi huo hulinda hekta 117 na huuza, chini ya kanuni za Plan Vivo, hati zinazothibitisha kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Fedha zake zimesaidia huduma za maji na shule. Mwaka 2017 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 mradi wa mfano huo ukaanzishwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Mwanafunzi mmoja aligawanya 3,000 kwa 117, akapata tani 25 na ushei kwa kila hekta. Akauliza kama miti hukua upesi kiasi hicho. Jibu lilikuwa kwamba hesabu hiyo haihusu ukuaji peke yake. Huhesabiwa pia hewa ambayo ingetoka endapo msitu ungekatwa.

Maswali mawili magumu

Wakati wa wali wa nazi na samaki, msichana aliyelamba jani aliuliza swali lililowanyamazisha wenzake. "Mama, dari ya nyumba yetu imeshikwa na boriti za mikoko. Babu alizinunua. Mtu anayejenga leo, na hana fedha za chuma, afanye nini?"

Yule mama alikiri kuwa swali ni la haki. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa huishinda kwa taabu. Kijiji kimepanda mivinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia mikokoni. Mvinje hukua upesi, lakini haudumu kama mkoko. "Kuna kinachopungua," alisema. "Anayewaambia hakipungui kitu, msimwamini."

Swali la pili lilikuwa la mvulana aliyevunja mizizi: wageni wasipokuja, je? Mwaka 2020 maradhi ya Uviko-19 yalipofunga mipaka, utalii wa pwani nzima ulianguka. Kijiji kilichotegemea macho ya wageni peke yake kingerudi kwenye shoka. Gazi ilikuwa na uvuvi wake, mauzo ya kaboni, mivinje yake na watafiti wake. Daraja ni nguzo moja tu kati ya nguzo kadhaa.

Saa saba maji yalikuwa yanarudi, na saa nane vile vipande vya mizizi vilikuwa vimekwisha kufunikwa. Kabla ya kupanda basi, mvulana yule aliomba ruhusa ya kupita tena darajani. Alihesabu mizizi iliyosalia juu ya maji mahali pale, akaandika idadi, tarehe na saa. Mwalimu alipomuuliza sababu, alijibu kuwa atakayekuja mwakani apate cha kulinganisha.

Zoezi kwa shule: Chagueni mti mmoja katika uwanja wa shule yenu. Pimeni mzingo wake katika kimo cha mita 1.3, tafuteni kipenyo, na mwandike tarehe. Rudieni kipimo hicho kila muhula kwa mwaka mzima. Kisha jadilini: mti huo ukiwa umesimama, ni nani wanaofaidika nao, na ukikatwa, ni nani?