Hizi Fimbo Mbili si Mapacha

Nduthi kubwa za huku Texas ziko na kitu huwezi ona kwa boda ya Donholm: fimbo mbili zimesimama nyuma, moja kila upande wa boksi. Mi nilidhani ni za luku, kumbe ni antena: moja ya FM, ingine ya CB, ile redio ya kuongea na wasee barabarani. Halafu siku moja naingiza Gold Wing yangu kwa gereji, mlango wa umeme ukashuka kabla nimalize kuingia. Kwaa! Moja ikakatika, ingine ikakunjika kama waya ya hanga.

Usiku huo huo nikaingia mtandaoni, nikaokota vijiti viwili vifupi hivi, saizi ya kidole. Bei ya kutupwa. Maze, nduthi ilikaa kama msee ametoka kinyozi! Wikendi nikaikanyaga kutoka Dallas hadi Amarillo, nikiwa nyuma ya msee wetu wa mtaa anayesukuma trela. FM ilianza kukohoa hata sijaacha mji vizuri. CB nayo, chaneli 19 yenye madere wa trela hukaanga, naita, naita, wapi. Kwa petroli stesheni msee akashuka akaniuliza, "Buda, redio ulizima ama umeninunia?"

Akaziangalia, akacheka hadi akashika tenki.

Rada ni hivi. Ile fimbo ya FM kazi yake ni kuskia tu, haiongei. Mawimbi ya FM ni ya kama mita 3, na robo ya hiyo ni sentimita 75, ndio maana ile orijino ilikuwa ndefu vile. Ukiweka ya kidole, stesheni ya mbali inakuacha, lakini hakuna kitu inaungua. Ya CB ni stori ingine. Hiyo inaongea. Iko kwa megahazi 27, wimbi la mita 11, so robo yake ni karibu mita 2.75. Nani atatembea na mlingoti kama huo kwa nduthi? Ndio wanazungusha waya ya koili kwa fimbo, ikae fupi lakini redio iione kama ndefu. Sheria ya Marekani inakupea wati 4 pekee kwa AM. Fimbo isipolingana, sehemu ya hizo wati inarudi kwa redio, na transista ya mwisho inaweza chomeka. Kumbe mi nilikuwa nachoma redio yangu nikiita watu.

Kwa hivyo usiwahi badilishana hizo fimbo mbili, hata kama nati zinaingiana.

Safari hii nikachukua ya CB ya faiba, futi 3, yenye iko na skrubu juu ya kurekebisha, ndio nisikate kitu. Ya chuma pia ni poa, ikipigwa inarudi, lakini kwa hawei inayumba sana. Nikaongeza springi chini, heshima kwa ule mlango. Boksi la Gold Wing ni plastiki, na antena inataka chuma ya kusimamia, so nikapiga msasa rangi kidogo kwa fremu, nikadunga waya ya athi hapo.

Kupima ndio kulikula masaa. Mita ya SWR, ile ya kuonyesha kama wati zinarudi, nduthi iko nje, mbali na ukuta na magari, mi mwenyewe nimesimama kando. Chaneli 40 ikawa 2.6, chaneli ya 1 ikawa 1.8. Ya juu ikizidi ya chini, fimbo ni ndefu. Nikazungusha skrubu ndani, nusu duru, napima, nusu duru ingine, napima. Ikashuka hadi 1.4 pale chaneli 19. Chini ya 2 ni fiti. Ikifika 3, achana na kitufe cha kuongea kabisa.

Jumapili nikaita. Msee alikuwa mbele yangu maili mbili hivi.

"Ebu rudia," akasema. Nikarudia.

"Sasa nakupata. Chapo umebeba?"