KUWAKA, KUJIKAGUA NA KUPAKIA: ISTILAHI ZA KOMPYUTA ISIYOANZA KAZI

Karani aliyeizima kompyuta ya mezani jioni, na asubuhi akaikuta haifanyi kazi, kwa kawaida humwandikia fundi sentensi moja tu: "Kompyuta imekataa kuwaka." Hicho ni Kiswahili safi, lakini kwa fundi hakina maana moja. Aweza kuja na kisanduku kipya cha umeme, ilhali kilichoharibika ni diski. Aweza pia kuufuta mfumo wote na kuuweka upya, barua na hesabu za mwaka mzima zikapotea, kumbe waya ulikuwa umelegea. Kwa hiyo tumeona vema kueleza hatua ambazo kompyuta hupitia inapoanza kazi, na kupendekeza neno moja kwa kila hatua.

Hatua ya kwanza ni kuwaka. Mtu huwasha, kompyuta huwaka. Kitufe kibonyezwapo, kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta hutumia umeme wa ukutani, ambao nchini Tanzania ni wa volti 230, na kutoa umeme wa volti 12, 5 na 3.3 unaofaa kwa vyombo vya ndani. Dalili zake ni taa ndogo na mvumo wa feni. Dalili hizo zisipokuwapo, ndipo yafaa kuandika "haiwaki". Vya kukaguliwa kwanza ni soketi, waya, na swichi iliyo nyuma ya kisanduku.

Hatua ya pili ni kujikagua. Programu fupi iliyohifadhiwa katika ubao mama huchunguza kama kumbukumbu na vyombo vingine muhimu vipo na ni vizima. Ikigundua kasoro, kompyuta nyingi hutoa milio ambayo maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Basi mwandishi wa taarifa asiseme "inapiga kelele", bali ahesabu milio na kuandika idadi yake. Aidha, kabla ya kuilaumu kompyuta, ahakikishe kwamba skrini yenyewe imewashwa na waya wake umekaza. Kasoro ya hatua hii iandikwe hivi: "Inawaka, lakini haimalizi kujikagua."

Hatua ya tatu ni kupakia mfumo. Hapa mfumo endeshi hutolewa katika diski kuu na kuwekwa katika kumbukumbu. Neno "pakia" limefaa, kwani shehena nayo hutoka ghalani ikaingia chomboni. Ikiwa maandishi yanatokea kisha kazi inasimama, au pana ujumbe kwamba diski haikupatikana, tuandike: "Inajikagua, lakini haipakii mfumo." Hapo hatuna budi kumwomba fundi anakili kwanza majalada yaliyomo, kama diski ingali yasomeka, kabla ya kufuta chochote.

Upande wa kuzima nao una utata wake. Kompyuta iliyozimwa, maadamu plagi i katika soketi na swichi ya ukutani haijazimwa, bado hupokea umeme kidogo wa volti 5 wa kungojea kitufe. Tena, tangu Windows 8 iliyotolewa mwaka 2012, palipo na mpango wa kuanza kwa haraka, kuzima huacha katika diski nakala ya kiini cha mfumo. Asubuhi kompyuta huisoma nakala hiyo badala ya kupakia kiini upya, na nakala ikiwa na kasoro, kazi yaweza kukwama. Kuanzisha upya hakutumii nakala hiyo. Kwa sababu hiyo mfasiri asiyafanye "zima" na "anzisha upya" kuwa visawe. Vilevile tunashauri kwamba "kulaza" na "kuamsha" yabaki kwa kompyuta iliyopumzishwa tu, na "kukata umeme" kuwe kuchomoa plagi. Fundi akisema "kata umeme, shikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, kisha washa", nia yake ni kuondoa umeme uliosalia ndani; anayezima tu bila kuchomoa hajatimiza agizo.

Sarufi yetu yenyewe hutupatia msaada mwingine. "Ilizimwa" hudokeza kwamba yuko mtu aliyeizima. "Ilizimika" haimtaji mtendaji, na yafaa kwa umeme uliokatika kazi ikiendelea. Tofauti hiyo ya silabi chache humwambia fundi mengi, kwani kuzimika ghafla kwaweza kuharibu majalada yaliyokuwa yakiandikwa katika diski.

Mwisho, twawasihi maofisa wasiandike "kompyuta imekufa". Chombo kilichoandikwa kuwa kimekufa huelekea kutupwa, na huenda diski yake ni nzima na kumbukumbu zote za ofisi zimo. Taarifa ya kutosha ni fupi: "Ilizimwa jana jioni. Leo inawaka, inatoa milio mitatu, haimalizi kujikagua." Fundi akiisoma atajua pa kuanzia, na diski hataigusa.