Motakaa Ndogo: Injini Ipi Hudumu?

Kila mwaka baada ya mavuno, katika Kabungu na vijiji vingine vya Mkoa wa Katavi, hutokea watu wawili watatu waliochanga fedha zao za mahindi na tumbaku, wakitaka kununua motakaa ndogo iliyokwisha tumika Japani, ili ichukue abiria na mizigo yao kwenda Mpanda. Swali lao huwa moja: injini ipi itadumu? Swali hili ni la haki, maana injini ikifa katika mwaka wa kwanza, fedha ya misimu miwili au mitatu imekwenda nayo. Leo twataka kulijibu, na tutalinganisha injini tatu za petroli za motakaa za Toyota. Tumezichagua hizo kwa sababu vipuri vyake hupatikana kwa wepesi kuliko vya nyingine, wala si kwa kuwa watengenezaji wengine hawajui kazi yao.

Kwanza yafaa tujue neno hili “kudumu” lina maana gani. Watu husema injini fulani ni imara kwa kuwa haiharibiki upesi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: siku itakapoharibika, je, fundi aliye karibu aweza kuitengeneza kwa vyombo alivyo navyo? Mtu akaaye Dar es Salaam aweza kuisahau nusu hiyo ya pili, kwani injini nyingine iliyotumika ataipata mjini kwake. Mtu wa Kabungu yuko mbali na mji huo kwa zaidi ya kilometa 1,000.

Wazee watakumbuka Volkswagen, ile yenye mgongo kama wa kobe. Injini yake ilipozwa kwa upepo, haikuwa na rejeta wala maji, na motakaa hiyo ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962 katika yale mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Sifa hiyo iliistahili. Hata hivyo mafuta ya injini yake yalikuwa lita 2.5 tu, na chujio la mafuta hayo lilikuwa wavu wa waya, basi. Tena katika zile za zamani silinda ya tatu ilipata moto kuliko nyingine, kwa kuwa kipozea mafuta kilisimama katika njia ya upepo wake. Ilidumu sana kwa mtu aliyebadili mafuta na kupima nafasi za valvu kwa wakati wake. Kwa mwingine haikudumu.

Sasa tuje kwenye zile tatu. Ya kwanza ni 5A-FE, injini ya Corolla nyingi za miaka ya 1990, yenye ukubwa wa sentimeta za ujazo 1,498. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu. Kemshafti zake huzungushwa kwa mkanda wa mpira, nao hutakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Mkanda ukikatika njiani motakaa husimama papo hapo, lakini katika injini hii pistoni hazigongani na valvu. Fundi hufunga mkanda mpya na safari huendelea. Tena silinda zikilika, bloku yaweza kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Ubaya wake ni umri: iliyo nzuri ni shida kuipata siku hizi.

Ya pili ni 1NZ-FE, yenye ukubwa wa 1,497, iliyoanza mwaka 1999. Ndiyo iliyotiwa katika Probox nyingi tangu zilipotoka mwaka 2002, na katika IST nyingi pia. Hii haina mkanda, bali mnyororo wa chuma, ambao hauna kilometa za kubadilishwa maadamu mafuta ya injini ni safi. Maneno hayo “maadamu mafuta ni safi” ndiyo yenye uzito. Mnyororo hukazwa na kifaa kinachosukumwa na mafuta yenyewe. Mafuta yakiwa machafu au machache, mnyororo hulegea na kurefuka, na ukiruka meno, pistoni hugonga valvu. Na bloku yake ni ya alumini, ndani yake mna kuta nyembamba za chuma ambazo hazikukusudiwa kuchongwa upya. Injini hii basi huharibika mara chache kuliko wenzake, lakini ikila silinda zake, kwa kawaida hutolewa yote na kutafutwa nyingine.

Ya tatu ni 1KR-FE ya Passo na Vitz, iliyotengenezwa na Daihatsu tangu mwaka 2004. Ina silinda tatu tu, na ukubwa wake ni 996, yaani thuluthi mbili za ile ya pili. Hunywa petroli kidogo kuliko zote, na kwa mwalimu au mwuguzi aendaye kazini peke yake yatosha kabisa. Lakini mpakie abiria na magunia juu yake, kisha upande mlima: ili ifanye kazi ile ile ya 1NZ hulazimika kuzunguka mara moja na nusu. Kwa kazi ya abiria hatuisifu.

Liko adui moja lisilochagua injini, nalo ni vumbi. Lita moja ya petroli, ili iungue, huhitaji takriban lita 9,000 za hewa. Motakaa inayokwenda kilometa 14 kwa lita, ikienda kilometa 140, imevuta lita 90,000 za hewa ya barabarani. Chembe za mchanga zilizomo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Kati yake na injini hakuna kitu ila karatasi ya chujio la hewa. Na wako watu wanaoiosha kwa petroli, au kuipuliza kwa nguvu hata ikatoboka, kisha huirudisha. Wakati wa kiangazi chujio hilo litazamwe kila juma, na likichakaa linunuliwe jipya.

Jambo lingine ni joto. Passo na Vitz nyingi hazina mshale wa kuonyesha joto, bali taa: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi moto. Wengi hudhani taa nyekundu itawaonya daima. Sivyo. Kipimo cha joto kimewekwa kipimie maji. Maji yakimwagika yote, kipimo hubaki hewani, na taa yaweza kuchelewa kuwaka hata silinda hedi ikapinda. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, atazame maji na mafuta. Injini hizi huchukua mafuta lita tatu na ushei, hivyo lita moja ikipungua ni karibu thuluthi.

Kwa kazi ya abiria tungechagua 1NZ. Mwenye kwenda kuinunua aende alfajiri, injini ingali baridi, na akatae ikiwa imekwisha washwa kabla hajafika. Afungue kifuniko cha rejeta: maji yenye kutu ni dalili kwamba haikutunzwa. Awashe na kusikiliza. Mnyororo ukipiga kelele kama njuga kwa sekunde kadhaa, umelegea. Kisha asimame nyuma huku mwenzake akikanyaga mafuta. Moshi wa buluu ukitoka, aulize kwanza bei ya injini nyingine, pamoja na gharama ya kuifikisha Kabungu, ndipo ataje bei yake.