Ngoro, Kahawa na Maji: Uhandisi, Sayansi za Dunia na Fedha katika Uchunguzi wa Miteremko ya Mbinga

Ikisiri

Kilimo cha ngoro katika nyanda za juu za Umatengo, wilayani Mbinga, kimechunguzwa kwa miaka mingi na wataalamu wa udongo, wahandisi na wachumi, aghalabu kila kundi kwa njia yake. Makala hii inafafanua kwa nini majibu ya makundi hayo, ingawa ni sahihi yakitazamwa moja moja, hayatoshi kueleza kudumu au kudhoofika kwa mfumo huo. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa shimo la ngoro hutegemea ukingo wake, ukingo hutegemea nguvukazi inayopatikana kwa wakati, na nguvukazi hiyo hufungamana na fedha ya kahawa. Makala inapendekeza ntambo, yaani kipande cha mlima kinachopakana na vijito, kuwa kizio cha pamoja cha utafiti wa taaluma hizo tatu.

1. Utangulizi

Wilaya ya Mbinga ipo katika Mkoa wa Ruvuma, kusini magharibi mwa Tanzania. Hadi mwaka 2012 wilaya hiyo ilifika hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwaka huo upande wa ziwani ulitengwa na kuwa Wilaya ya Nyasa. Ziwa lenyewe limo ndani ya Bonde la Ufa, kwenye mwinuko wa takribani meta 470 kutoka usawa wa bahari, na kina chake hufikia takribani meta 700. Nyanda za Umatengo zinainuka kutoka ukingo huo wa bonde hadi mwinuko wa kati ya meta 1,300 na 2,000 hivi. Kwa hiyo maji yanayotoka upande wa magharibi wa milima hushuka umbali mfupi kwa mwinamo mkali kabla ya kufika ziwani. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na kwa kawaida huzidi milimita 1,000 kwa mwaka.

Katika mazingira ya namna hiyo, mteremko uliofyekwa na kulimwa bila kinga hupoteza udongo wa juu katika misimu michache. Hata hivyo, kata za milimani kama Litembo, Maguu na Mbuji zimelimwa kwa vizazi vingi. Masimulizi ya kihistoria yanahusisha msongamano wa Wamatengo milimani na vita vya Wangoni vya karne ya 19, ambavyo viliwafanya watu kujikusanya katika maeneo ya miinuko yaliyo rahisi kulindwa. Ardhi ikawa finyu, nayo ngoro, ambayo kwa matamshi ya wenyewe huitwa pia ngolo, ikawa njia ya kulima mahali pale pale bila kuuachia mlima uteremke.

2. Muundo na mzunguko wa ngoro

Kazi ya ngoro huanza karibu na mwisho wa masika, mnamo Machi. Majani marefu yaliyoota katika shamba lililopumzishwa hufyekwa na kuachwa yakauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatizana hadi kutengeneza miraba. Kwa desturi kazi hiyo hufanywa na wanaume. Baadaye wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani, hivi kwamba kila mraba unakuwa shimo lililozungukwa na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Mvua za msimu unaofuata zikianza, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Baada ya mavuno ya mahindi shamba hupumzishwa kwa muda mfupi, na mzunguko huanza upya baada ya miaka miwili hivi, mashimo mapya yakichimbwa palipokuwa na matuta ya zamani.

Mpangilio huo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Shimo hupokea maji na kuyapunguzia kasi. Udongo ulioteremka hutuama ndani ya shimo badala ya kwenda mtoni. Majani yaliyofukiwa huoza ndani ya tuta na kurudisha rutuba mahali mizizi ilipo. Kwa mtaalamu wa udongo, hayo ni maelezo yanayojitosheleza. Kwa mhandisi, swali linalobaki ni la kiasi: shimo linaweza kubeba mvua ya ukubwa gani?

3. Hesabu ya uwezo wa shimo

Mfano ufuatao ni wa kufafanulia tu, na vipimo vyake vimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Ichukuliwe kwamba kila ngoro inahudumia eneo la meta 1.5 kwa meta 1.5, yaani meta za mraba 2.25. Hekta moja itakuwa na ngoro zipatazo 4,444. Kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji, mvua ya milimita 50 italeta lita 112.5 katika kila ngoro.

Mdomo wa shimo ukiwa meta moja kwa meta moja, na kina chake sentimeta 30, shimo lililopo mahali tambarare lingebeba lita 300. Mlimani hali ni tofauti. Maji hayawezi kupanda juu kuliko ukingo wa upande wa chini. Kwa hiyo hukaa kwa umbo la kabari, yakiwa na kina cha sentimeta 30 upande wa chini na kupungua hadi sifuri upande wa juu. Uwezo hushuka hadi lita 150. Kiasi hicho bado kinatosha kupokea lita 112.5 zote, hata kabla ya kuhesabu maji yanayopenya ardhini.

Ikiwa ukingo wa chini umemomonyoka kwa sentimeta 10 tu, usawa wa maji unashuka na kabari inafupika vilevile. Kina kinakuwa sentimeta 20 na urefu takribani sentimeta 67, na uwezo unabaki lita 67 hivi. Theluthi moja ya kimo cha ukingo ikipotea, zaidi ya nusu ya uwezo hupotea nayo. Ziada ya lita 46 itamwagikia ngoro ya chini, ambayo nayo imekwisha kupokea lita zake 112.5. Kingo zote zikiwa zimeshuka kwa kiasi hicho, ngoro ya mstari wa kumi kutoka juu itamwaga lita zipatazo 460. Maji hayo hayatuami tena; yanakata matuta na kuchora makorongo.

Hesabu hii inaonesha jambo ambalo kipimo cha mmomonyoko wa wastani hakiwezi kulionesha. Ngoro ni mnyororo, wala si mkusanyiko wa mashimo yanayojitegemea. Shamba lililotunzwa linaweza kustahimili mvua kubwa, na shamba la jirani lenye udongo ule ule na mwinamo ule ule likavunjika kwa sababu ya sentimeta 10 za ukingo. Kigezo kinachotenganisha mashamba hayo mawili ni matengenezo, na matengenezo ni kazi ya mikono.

4. Fedha ya kahawa na kalenda ya kazi

Kahawa aina ya arabika iliingia Umatengo katika miaka ya 1920, na ikawa chanzo kikuu cha fedha taslimu. Kaya ya Mbinga kwa hiyo ina mashamba ya namna mbili: ngoro kwa chakula na kahawa kwa fedha. Wachambuzi wengi huyatazama mashamba hayo kama washindani wa ardhi na nguvukazi. Mtazamo huo una ukweli, lakini unaficha upande wa pili: fedha ya kahawa ndiyo inayonunua mbolea ya mahindi, kulipa vibarua na kulisha wanaosaidiana kazi kwa zamu.

Ugumu uko katika kalenda. Kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na malipo hufuata. Ngoro huchimbwa Machi, miezi mingi baada ya malipo hayo, wakati ada za shule na mahitaji ya sikukuu yamekwisha kumaliza akiba. Pengo hilo ni la ukwasi: kaya inaweza kuwa na mali shambani na bado ikakosa shilingi ya kumlipa kibarua. Mkopo wa msimu ndio unaoliziba.

Kwa kipindi kirefu mkopo huo ulipitia vyama vya ushirika. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu virejeshwe. Huko Mbinga, Chama Kikuu cha Ushirika cha MBICU kilikusanya kahawa na kuwapa wakulima pembejeo kwa mkopo. Dhamana ya mkopo ilikuwa kahawa yenyewe: kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja, deni lilikatwa kabla ya mkulima kulipwa. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990, mkulima aliweza kuuza kwa yeyote. Ushindani ulileta malipo ya papo kwa papo, lakini uliondoa utaratibu uliowezesha deni kurudi. MBICU ikaelemewa na kuporomoka, na mkopo wa pembejeo ukaondoka pamoja nayo.

Anguko hilo liliungana na msukosuko wa soko la dunia. Mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika Julai 1989. Baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1994 ilipandisha bei ghafla, lakini kufikia mwaka 2001 wastani wa bei ya Shirika la Kimataifa la Kahawa ulikuwa umeshuka hadi takribani senti 46 za Marekani kwa ratili. Mche wa kahawa huanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu hadi minne, hivyo mkulima hawezi kuufuata mwendo wa bei kwa kung’oa na kupanda. Anachoweza kupunguza haraka ni gharama za kazi. Sentimeta 10 za ukingo zilizotajwa katika sehemu ya tatu zinaweza kupotea kwa njia hiyo, bila mvua kubadilika na bila mkulima kusahau ujuzi wake.

Kwa kaya zilizobanwa na uhaba wa ardhi, jibu jingine limekuwa kuhamia maeneo ya chini ya mashariki yenye misitu ya miombo, kama Kitanda, ambako ardhi ni pana na kilimo cha kuhamahama kinawezekana. Mtafiti anayepima udongo wa milimani peke yake hauoni msitu unaofyekwa kule chini, ingawa gharama ya mabadiliko imehamia huko.

5. Kinu cha maji cha Kindimba

Mfano wa kutazama taaluma hizo kwa pamoja unapatikana Mbinga kwenyewe. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa msaada wa Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa, vilichunguza ngoro na misitu ya miombo. Kazi hiyo iliendelezwa na kituo cha maendeleo endelevu vijijini kilichoanzishwa Sokoine mwaka 1999. Miongoni mwa matunda yake ni kinu cha kusaga nafaka kinachoendeshwa kwa maji, kilichojengwa na wanakijiji wa Kindimba mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Nguvu ya kinu cha namna hiyo hutokana na kiasi cha maji, kimo ambacho maji huanguka, na ufanisi wa mtambo. Kwa mfano wa hesabu, lita 100 kwa sekunde zikianguka meta 15, kwa ufanisi wa asilimia 60, hutoa takribani kilowati 8.8. Mtiririko ukipungua kwa nusu wakati wa kiangazi, nguvu nayo hupungua kwa nusu, na mapato ya kusaga hufuata. Tofauti na mashine ya dizeli, gharama kubwa ya kinu hulipwa mwanzoni, na baadaye hakuna mafuta ya kununua. Kwa hiyo faida yake yote hutegemea kijito kuendelea kutiririka.

Hapo ndipo hifadhi ya vyanzo vya maji inapokuwa suala la mizania. Mti unaopandwa juu ya kijito unalinda mapato ya kinu, na ngoro yenye kingo imara inapunguza mashapo yanayoziba mfereji wake. Mwanakijiji anayechangia ulinzi wa mlima anaona marejesho yake kwenye unga.

6. Ntambo kama kizio cha utafiti

Tatizo la tafiti za taaluma mbalimbali mara nyingi ni kizio. Mwanasayansi wa dunia hupima bonde la mto, mhandisi hupima mtambo au shamba, na mchumi huhoji kaya. Takwimu hizo haziunganiki kwa sababu hazihusu kitu kimoja.

Wamatengo wana dhana inayoweza kuondoa kikwazo hicho. Ntambo ni mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito, ambao kwa desturi hukaliwa na ukoo mmoja. Ndani yake mna msitu wa kileleni, ngoro, kahawa na migomba karibu na nyumba, na maji bondeni. Mipaka yake ni ya kijiolojia na ya kiukoo kwa wakati mmoja. Maji yanayotoka humo yanaweza kupimwa kwenye kijito, kingo za ngoro zinaweza kuhesabiwa, na madeni pamoja na mapato ya kaya zake yanaweza kuorodheshwa kwa msimu ule ule.

Utafiti wa namna hiyo utahitaji vipimo vitatu vinavyochukuliwa kwa kalenda moja: kimo cha kingo kabla na baada ya masika, mashapo yanayobebwa na kijito, na fedha iliyopo mikononi mwa kaya mwezi Machi. Kipimo cha tatu ndicho kinachokosekana mara nyingi, kwa kuwa mapato hurekodiwa kwa mwaka mzima na kuficha miezi ya ukata.

7. Hitimisho

Makala imeeleza kwamba udongo wa Mbinga hulindwa na muundo wa ngoro, kwamba muundo huo hupoteza uwezo haraka ukingo unaposhuka, na kwamba kazi ya kuuinua ukingo hukutana na kipindi ambacho kaya haina fedha. Programu ya hifadhi inayotoa mafunzo ya ngoro bila kushughulikia mkopo wa msimu itamfundisha mkulima jambo analolijua tayari. Kadhalika, taasisi ya fedha inayokopesha kwa dhamana ya kahawa pekee, bila kutazama hali ya mteremko ambamo kaya inapata chakula chake, itakuwa imepima nusu ya hatari. Maswali hayo mawili yanaweza kujibiwa ndani ya ntambo moja, kwa msimu mmoja wa mvua, ikiwa watakaopima watakubaliana kwanza juu ya mahali pa kusimama.