"Sawa" Si Jibu: Namna ya Kusikizana na Wenzetu wa Kazi Walio Mbali

Ndugu msomaji, je, umepata kumwagiza mwenzako wa kazi kwa simu, naye akakujibu "Sawa", nawe ukatulia moyo, kisha siku ya pili ukakuta amefanya jambo jingine kabisa? Ikiwa umepata, basi makala haya yanakuhusu. Na ikiwa wewe ndiye uliyejibu "Sawa" huku hukuelewa vema, yanakuhusu zaidi.

Siku hizi wengi wetu tunafanya kazi na watu tusioonana nao. Karani yuko Dar es Salaam, mkaguzi yuko Geita, fundi yuko Magu, na mwingine anaifanya kazi ya ofisi akiwa nyumbani kwake, kompyuta mezani. Lakini kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria jambo hili si geni. Mwenye mtumbwi yuko Mwanza mjini, wavuvi wake wako visiwani, na mnunuzi anangoja Mwaloni, Kirumba. Hawa wote ni kundi moja la kazi, ingawa huenda mwezi mzima ukapita pasipo kuonana ana kwa ana.

Tuchukue mfano wa dagaa. Kama ujuavyo, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na asubuhi huanikwa juani. Mama mmoja mwenye mali yuko Kirumba. Amesikia bei imepanda, naye anampelekea msimamizi wa kambi yake, katika kisiwa kimojawapo cha Ukerewe, ujumbe huu: "Leta dagaa wote kesho." Msimamizi anajibu: "Sawa, mama."

Je, "wote" ni akina nani? Mama alikusudia wote waliokwisha kukauka. Msimamizi alifahamu wote waliopo, hata wale walioanikwa jana na kunyeshewa na mvua ya alasiri. Mama hakujua kwamba kisiwani mvua ilinyesha. Msimamizi hakusema, maana hakuulizwa. Mzigo unafika Mwaloni, magunia yanafunguliwa, na dagaa wanatoa harufu ya uvundo. Bei inaanguka. Mama anasema msimamizi ni mzembe. Msimamizi anasema mama hajui anachokitaka. Kwa hakika hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja aliliamini neno lile dogo, "Sawa".

Roho za watu

Hasara ya magunia hulipika. Lakini ziko kazi ambazo kutosikizana hugharimu roho za watu. Tarehe 27 Machi, 1977, katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, nchini Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana njiani penye ukungu mzito, wakafa watu 583. Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa maneno. Kutoka ndege ya KLM ilitolewa taarifa kwa redio iliyoweza kufahamika kuwa ndege iko tayari kuruka, au kuwa imekwisha kuanza kuruka. Mwongozaji aliyekuwa mnarani alianza kujibu kwa neno lenye maana ya "Sawa", kisha akaitaka ndege ingoje. Wakati huohuo ndege ya pili nayo ilikuwa ikizungumza kwa redio. Sauti zikapigana, na kilichosikika vema katika ndege ya KLM ni ile "Sawa" peke yake.

Baada ya msiba huo kanuni za mazungumzo ya marubani zilikazwa. Rubani akipewa ruhusa muhimu, haitoshi aseme kuwa amesikia. Hana budi ayarudie maagizo yenyewe, ili aliyeyatoa ajue yamefika jinsi yalivyotoka.

Nasi katika Ziwa letu tunao msiba wetu. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya M.V. Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Hesabu za waliofariki zinatofautiana, lakini inakadiriwa walizidi 800, na baadhi yao wamelazwa katika makaburi ya Igoma. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha. Wale wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Hatusemi kuwa orodha ingaliizuia meli isizame, la hasha. Lakini orodha nayo ni ujumbe. Ni mtumishi wa bandari moja akimwambia mwenzake wa bandari ya pili: "Nimekukabidhi watu kadhaa, na majina yao ni haya; wapokee." Ujumbe huo usipoandikwa, wale wanaongoja gatini hawajui hata wamngoje nani.

Tufanyeje?

Kwanza, urudishe ujumbe uliopewa. Msimamizi wetu angalijibu hivi: "Nimekuelewa, mama. Nipakie dagaa wote waliopo, pamoja na wa jana walionyeshewa, wafike Mwaloni kesho asubuhi," mama angalipiga kelele papo hapo: "Hapana, baba! Wa jana waache wakauke!" Dakika moja ingaliokoa mzigo mzima. Nawe unayeagiza, usiulize, "Umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Hebu niambie utafanyaje."

Pili, taja hesabu, mahali na saa. Hapa pana mtego ambao ni wa kwetu sisi wenyewe. Mtu akiandika "kikao saa 8", mmoja ataitazama saa ya simu yake na kufika saa mbili asubuhi, na mwingine ataihesabu kwa Kiswahili na kufika saa nane mchana. Wote wawili wana haki. Andika "saa 2.00 asubuhi" au "saa 8.00 mchana", na ubishi umekwisha.

Tatu, wekeni saa maalumu ya kuzungumza. Visiwani mtandao huja na kupotea, na betri ya simu huisha. Kundi likijua kwamba kila siku saa kumi na moja jioni, kabla ya mitumbwi kuingia majini, watazungumza, basi simu itatunzwa kwa ajili ya saa hiyo. Na siku asiposikika mtu, wenzake watajua mapema kwamba pana jambo.

Nne, agizo liwe na mwenyewe. Katika makundi ya WhatsApp mara nyingi mkubwa huandika, "Naomba taarifa itumwe leo." Watu kumi husoma, na kila mmoja hudhani mwingine ataituma. Mtaje mtu kwa jina lake. Kisha yaliyokubaliwa yaandikwe, kwani wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, nalo ni kubwa kuliko yote: habari mbaya ipewe njia. Yule msimamizi hakusema habari ya mvua, labda kwa sababu mara ya mwisho alipotoa habari mbaya alitukanwa. Wewe uliye mkubwa wa kazi, ukimkaripia anayekuletea habari mbaya, hutaacha kupata hasara. Utaacha tu kupata habari zake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingi aliyemfundisha kuficha ni mkubwa wake.

Hata hivyo, simu haiwezi kushika nafasi ya uso wa mtu. Wavuvi wa dagaa wanayo desturi nzuri ya maumbile: mbalamwezi inapokuwa kali, taa hazivuti dagaa, na kambi hupumzika. Hizo ndizo siku za kuonana, kukaa chini, kula pamoja na kutazama daftari. Nawe wa ofisini, tafuta mbalamwezi yako. Mtu uliyekwisha kula naye ugali humwogopi kumuuliza neno usilolielewa.

Mwisho, ndugu msomaji, tusisahau kwamba nyumba nayo ni kundi la kazi, na mara nyingi watu wake wako mbalimbali. Baba yuko kambini, mama yuko sokoni, mtoto yuko shule ya bweni. Utakapompigia simu aliye mbali, umwambie juu ya ada, au dawa, au siku ya kusafiri, naye akakujibu "Sawa", usikate simu kwanza. Mwambie kwa upole: "Hebu nirudishie nilivyosema."