Kibanja Kikinyauka, Kikapu Nacho Hupotea

Katika toleo hili tunapenda kueleza kuhusu kazi za mikono za akina mama wa Karagwe na Kyerwa, hasa vikapu na mikeka. Katika mipango ya parokia, kazi hizi huwekwa kwenye fungu la “miradi midogo ya akina mama”, na kilimo huwekwa kwenye fungu jingine. Sisi tunaona si vema kuvitenganisha. Malighafi hutoka kibanjani na bondeni, na kazi yenyewe hufuata majira ya mwaka.

Chombo na chakula cha pamoja

Kwetu, chakula cha pamoja ndicho kinachoamua umbo la chombo. Ndizi hufunikwa kwa majani ya mgomba zinapopikwa, kisha huandaliwa juu ya majani na familia huketi kuzizunguka. Mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake, ikiwa katika kikapu kidogo. Vikapu vikubwa hubeba maharage kutoka shambani. Siku ya sadaka ya mavuno, vikapu hivyo hivyo hufika altareni, na baada ya ibada mazao hunadiwa kwa faida ya parokia. Kitabu cha Kutoka kinatukumbusha kuwa Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi za ufundi. Hivyo basi, ufundi wa mikono si jambo la pembeni katika maisha ya Kanisa.

Kazi hufuata majira

Mvua za Septemba hadi Desemba ni za kupanda na kupalilia. Novemba na Desemba huja senene, na majirani hugawana walichokamata. Wakati wa Krismasi nyumba nyingi hutandaza nyasi mpya sakafuni. Mvua za Machi hadi Mei huita tena mikono yote shambani. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi: kahawa huanikwa, na ndio wakati ambapo nyasi, ukindu na mafunjo hukauka vizuri. Semina ya ufumaji ikipangwa Aprili, akina mama watakuwa shambani na malighafi itaota ukungu.

Nguo ya magome ya miti, iliyovaliwa zamani Kagera na Uganda, hufuata majira kinyume chake. Gome la mti uitwao mutuba huvunwa wakati wa mvua, kisha shina huviringishiwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote. UNESCO ilitambua ufundi huo wa Uganda mwaka 2005. Mti huvunwa bila kuuawa, na hata hapo mgomba unahitajika.

Tatizo linalotukabili

Mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, na katikati ya miaka hiyo ya 2000 ukafika mkoani Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani ni za rangi ya kutu. Hauna dawa. Wadudu huueneza kupitia maua, na sisi wenyewe huueneza kwa panga na machipukizi. Anayezunguka vibanja vya majirani akikata majani ya karamu au nyuzi za kufumia kwa panga moja anaweza kupeleka ugonjwa nyumba hadi nyumba bila kujua.

Aidha, mabonde ya Mto Kagera yanalimwa, na mafunjo yanang’olewa.

Ushauri wetu kwa kamati za parokia

1. Semina za ufumaji zifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti.
2. Kila kikundi kiwe na panga lake la kukatia majani na nyuzi. Lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa Jiki kabla ya kuingia kibanja kingine.
3. Majani au nyuzi zisichukuliwe kwenye kibanja chenye ugonjwa, hata kwa ajili ya sherehe.
4. Ua dume la mgomba liondolewe kwa mti wenye panda, si kwa panga, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea.
5. Mafunjo yakatwe yaliyokomaa tu, na mizizi iachwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito.
6. Ukindu upandwe katika maeneo ya parokia kama tunavyopanda miti mingine.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mnaposaidia kikundi cha ufumaji mkumbuke pia miche na elimu ya mnyauko. Soko la vikapu litatufaa nini ikiwa kibanja kimekufa?